Kwa wafugaji vijana wa mbwa: majike wangu siwauzi

Wanangu mnaozalisha mbwa Kiambu, Ruiru na kwingineko,

Mmesikia nimeacha kupandisha, na simu hazikomi. Kila anayepiga anauliza majike wazee ni bei gani. Jibu ni moja kwenu nyote: siuzi. Sababu yake ikaeni nayo, maana nanyi siku zenu zitafika.

German Shepherd akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hivi, wengine hata 13. Mzao wako wa mwisho ukizaliwa una miaka 65, basi ukiwa na 75 bado utatakiwa uwe na nguvu za kumpokea mbwa anayerudishwa. Na watarudishwa. Mmoja anahamia ghorofani, mwingine amepata kazi Qatar, wengine wameachana na hakuna anayemtaka mbwa. Kwa hiyo acheni kupandisha mapema, magoti yakiwa bado yanaweza kuinama kusugua banda. Anayengoja mpaka achoke huishia kuuza wote kwa mpigo, kwa yeyote atakayekuja na gari.

Na huyo anayenunua jike wa miaka saba, mnadhani anamtakia nini? Anataka mizao miwili ya mwisho. (Hao wanaouza watoto wa wiki tano kwenye foleni ya magari siwaandikii, hawana subira ya kusoma barua.)

Jike akimaliza kuzaa, mpelekeni kwa daktari wa mifugo atolewe kizazi. Akiachwa hivyo hivyo, uzeeni mji wa mimba unaweza kujaa usaha, mara nyingi wiki chache baada ya joto la kutaka dume. Mtamwona anamaliza karai la maji na kurudi kulilamba, chakula hagusi, anajilamba nyuma kila saa. Msijipe moyo kwamba hakuna uchafu unaotoka: mlango wa kizazi ukiwa umefunga ndipo hatari inapozidi. Msingoje asubuhi.

Wangu watazeekea hapa. Dume mdogo nimempa mmoja wenu ambaye nimemwona akimrudishia mteja pesa bila kuvutana.

Kitu ninachowaachia nyote ni madaftari. Cheti cha klabu ya mbwa kinakupa majina ya mababu; hakikuambii babu yupi alianza kuchechemea akiwa na miaka mitatu. Ugonjwa wa nyonga hurithiwa, na mbwa anayetembea vizuri huweza kuzaa vilema. Nimeandika kila picha ya eksirei ilisema nini, jike gani alikataa kunyonyesha, dume gani alikuwa mkali kwa watoto wa nyumba. Kurasa zingine zimeliwa na panya, mtavumilia.

Anayeyataka aje Jumamosi na simu yenye chaji ayapige picha. Madaftari yenyewe hayatoki nyumbani kwangu.

Ni mimi mzee wenu,
Limuru