Salamu za Pasaka kutoka mwaloni

Ndugu, jamaa na marafiki, mlio karibu na mliotawanyika, nawasalimu kwa Kisukuma: mwangaluka! Anayesoma jioni, mwadila. Heri ya Pasaka kutoka Igombe, mwalo wetu wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, ambako mvua za masika zimetufanya tutembee tukiangalia juu.

Pasaka huku kwetu haiji bila mbalamwezi. Kanisa huihesabu kwa mwezi: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Na mwezi ukipevuka, mvuvi wa dagaa hana kazi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za sola, na taa haifui dafu mbele ya mwezi ule. Ziwa zima linakuwa jeupe, dagaa hazioni sababu ya kukusanyika. Basi mitumbwi imepandishwa mchangani, wanaume wako nyumbani, wanagundua paa linavuja.

Idi el-Fitri ni kinyume chake. Inaingia mwezi ukiwa uzi tu, giza totoro, siku ambazo ziwa linalipa. Mwaka huu Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na Ramadhani ikaanza wiki hiyohiyo, kwa hiyo mwalo mzima ulikuwa na njaa kwa pamoja. Mwezi ulipoandama nilikuwa kibandani kwangu, ninapochaji simu na betri za taa. Kuna mtumbwi mmoja una wavuvi wanne, wawili Waislamu. Jioni ile niliwaona wale wengine wawili wakishusha mtumbwi na vijana wawili wa kuazima. Hakuna kikao kilichoitishwa. Asubuhi, mgawo ulipogawanywa, wale waliokwenda kuswali Idi walikuta fungu lao limetengwa, na vijana wa kuazima nao wamepata chao.

Nikapiga hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Pasaka hakuna anayekwenda ziwani, kwa hiyo hakuna zamu ya kumshikia Mkristo. Deni lile litalipwa lini? Nikamwuliza mmoja wao. Akacheka: "Wewe nawe! Kila kitu unataka kukitoza kama betri."

Nimekaa na neno hilo wiki mbili sasa, hasa kwa sababu ya jambo langu na jirani yangu, ambalo sijamsimulia mtu.

Jirani huyu anaanika dagaa. Mwaka jana, masika kama haya, aliacha dagaa zake nusu kavu kwenye chanja akapanda daladala kwenda mjini, soko la Mwaloni Kirumba, kuulizia bei. Saa nne wingu likasimama upande wa Ukerewe, jeusi. Mimi huyo! Nikafunga kibanda, nikazizoa zote, nikazirundika pamoja, nikafunika turubai na kuweka mawe pembeni. Watu walipita wakanisifu. Nilikuwa nimelowa jasho, na nikiri, nilifurahi kuonwa.

Mvua haikunyesha. Wingu lilikwenda zake, jua likarudi kali, na mimi nikarudi kwenye betri zangu. Alipofika alasiri alifunua turubai, akatulia kidogo, kisha akanifuata mpaka dirishani. "Wabeja, jirani. Umenihifadhia." Jioni akaniletea bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa.

Miezi miwili nilitembea nikijiona mtu wa watu. Kisha mwanawe, mtoto wa darasa la tatu asiye na siri, akaja kuchaji simu ya mama yake, akasema mama hataki tena niguse dagaa, maana zile za siku ile ziliungua kwa joto chini ya turubai, zikalainika na kunuka, zikauzwa chakula cha kuku. Aliyetunza dagaa maisha yake yote angejua kwamba dagaa mbichi ukizirundika zinajipika. Mimi sikujua, wala sikuuliza. Na simu? Nilikuwa nazo kibandani zaidi ya ishirini, na namba yake ninayo.

Kinachonisumbua si hasara, ingawa ilikuwa hasara. Ni lile bakuli la michembe. Alikuwa amesimama mbele ya mali iliyoharibika, na bado akaona kwamba mbele yake kuna mtu anayesubiri kushukuriwa. Mimi niliona wingu tu. Sijamwomba radhi mpaka leo, kwa kuwa nikifanya hivyo nitamlipua mwanawe, na labda nitamnyang'anya mama wa watu kitu alichonipa kwa gharama. Wenye busara mtanishauri mkija.

Nasikia wengi wenu mnatoka Geita na Sengerema. Hii ni Pasaka ya kwanza tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, 19 Juni 2025, na simlilii mtu kivuko. Niliwahi kulala kwenye foleni ile na kuku watatu ndani ya gari. Lakini pale gari lenye msiba au mgonjwa lilipoomba njia, watu walisogea, wengine wakinung'unika, wakasogea. Ulilazimika kumtazama mtu usoni ujue haraka yake ni ya namna gani. Darajani ni kilomita 3, vioo juu, mmeshavuka. Basi mkishavuka msinipite kibandani. Sato wapo, na mwaka huu nimeambiwa nisiwapike mimi.

Naandika haya Jumamosi mchana. Jirani ametoa gunia la dagaa lililopata unyevu stoo, amezitandaza upya juani, kisha amekwenda kanisani kupamba maua kwa ajili ya mkesha. Na wingu hilo, limesimama tena upande uleule wa Ukerewe. Mara hii nimepiga simu. Ilipokelewa katikati ya kelele za kwaya, wakifanya mazoezi. Nikamwambia wingu lilivyo. Akaniuliza upepo unatoka wapi. Nikatoka nje kuangalia, nikamwambia unatoka nchi kavu.

"Ziache," akasema. "Hiyo haifiki."

Nimeziacha. Nimekaa mlangoni nalitazama wingu. Heri ya Pasaka, wapendwa, na mhola kwa wote wa nyumbani kwenu.