Barua kwa mwanangu aliyeko Japani

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Nyahururu. Sisi sote tu wazima, namshukuru Mungu. Nakuandikia kwa sababu dada yako ameniambia kwamba muundi wako wa kulia unakuuma tangu mwezi uliopita na kwamba kocha wako hajui. Uliponipigia simu juzi ulisema huna tatizo lolote. Naomba unieleze kwa nini dada yako analijua jambo ambalo mimi na kocha tumefichwa.

Najua uliahidi kukimbia kipande cha pili cha Hakone, zile mbio za kupokezana za vyuo vikuu, na sikuombi uivunje ahadi hiyo. Najivunia sana kwamba, katika mbio ambazo kila timu huruhusiwa kumpanga mkimbiaji mmoja tu kutoka nje, wamekuchagua wewe. Najua pia jinsi neno la mtu linavyoshikwa huko. Nimezitazama mbio hizo, tarehe 2 na 3 Januari, kutoka Tokyo hadi Ziwa Ashi na kurudi, watu kumi wakipokezana tasuki, ule utepe wa begani uliolowa jasho la wote waliotangulia. Nilimwona kijana akifika kituoni anayumba, utepe ameshauvua na kuushika mkononi, kumbe mwenzake ameshaondoka na utepe mwingine kwa kuwa muda wa kusubiri ulikuwa umekwisha. Alianguka akalia kama aliyefiwa. Anayeishi na watu wa namna hiyo hawezi kuahidi kwa mdomo tu.

Lakini mguu ulioumia hausikii ahadi. Kipande chako kina kilomita 23.1. Mwaka 2014 Mkenya mwenzako aliumia mguu katika kipande hicho hicho, akashindwa kuendelea, na timu yake yote ikakosa nafasi rasmi. Kumwambia kocha leo, angali na muda wa kumwandaa mwingine, ni sehemu ya ahadi yenyewe. Ukinyamaza hadi Januari, utakuwa umewaficha wenzako tisa waliokutegemea.

Hofu yangu inazidi kila nikimkumbuka Kokichi Tsuburaya. Mwaka 1964 aliingia uwanjani Tokyo akiwa wa pili katika marathoni ya Olimpiki, akapitwa na Mwingereza mbele ya watu wake, akapata shaba. Ilikuwa medali pekee ya Japani katika riadha mwaka ule, lakini yeye aliiona kama deni, akaahidi kulilipa katika Olimpiki iliyofuata, ya Mexico. Mgongo ukamsumbua hadi akapasuliwa, na Januari 1968 akajiua, akiwaachia wazazi na ndugu zake barua ya kuwashukuru kwa vyakula walivyomlisha. Mimi sitaki kuandikiwa barua kama hiyo. Nakuomba tena, sema.

Tena usidhani kwamba Wajapani hawajui uvumilivu mwingine. Shizo Kanakuri, mmoja wa walioanzisha Hakone mwaka 1920, alizidiwa na joto katika marathoni ya Stockholm mwaka 1912, akaishia njiani. Alirudi kwao, akaendelea kukimbia na kuwalea wakimbiaji wengine, na mwaka 1967, akiwa na miaka 75, alialikwa Stockholm akaimalizia mbio ile ile. Leo mkimbiaji bora wa Hakone hupewa kikombe chenye jina lake. Wewe una miaka 21, unaharakishwa na nini?

Kama ni yale tuliyokuambia kuhusu karo ya mdogo wako, yalisemwa wakati bei ya viazi ilikuwa imeanguka, na pengine hayakustahili kusemwa kwenye simu. Viazi vimeuzwa, muhula huu umelipwa. Paa la jiko limetengenezwa, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Koti ulilomletea baba yako linambana mabegani, lakini amekataa katakata kumpa mtu mwingine.

Nenda kwa daktari wa timu kabla ya Jumapili, na kocha awepo. Kisha unipigie mimi kwanza, si dada yako, unieleze alivyosema daktari, hata kama unadhani sitapenda kuyasikia.

Ni mimi mama yako.