Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wa mizani na kitochi

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kabla hamjaniamkia, na waliotoka mbali poleni na safari. Mambo ya ada na mfuko wa dawa atayasema mweka hazina, mimi nitakaa kwenye ile kazi iliyotula mwaka mzima, yaani kufuatiliana uzito kwa simu sisi wagonjwa wa moyo.

Kwa nini tuliing'ang'ania? Ugonjwa wetu huu wa moyo kushindwa kazi unatukamata tungali na watoto wa shule. Ule utafiti wa nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliotoka 2012, ulikuta wastani wa umri wa wagonjwa ni miaka 52 na sababu inayoongoza ni presha, na takriban mmoja kati ya sita alikuwa ameshafariki ndani ya miezi sita. Halafu moyo ukishindwa maji yanabaki mwilini, ila hayajazi mwili ghafla, mizani inaona kabla yako, ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu ujue hilo si ugali, piga simu.

Sasa vijana wa kamati walitaka tutengenezewe app. Nawapenda sana ila jamani, wanachama wetu wangapi simu janja ni yao wenyewe? Bibi anaumwa, simu ni ya mjukuu, mjukuu yuko kwenye bodaboda mpaka saa nne usiku na bando limekata. Tungeishia kuwahudumia wa mjini wenye nazo, ambao hata bila sisi wanafika kwa daktari.

Na wenzetu wameshajaribu tukaona. Marekani 2010 walitoa matokeo ya wagonjwa 1,653, nusu walikuwa wanapigia simu mashine kila siku wanajibu maswali ya dalili na uzito, baada ya miezi sita hamna tofauti yoyote na wasiopiga. Ujerumani 2018, wagonjwa 1,571, wao walipewa mizani, kipimo cha presha na cha umeme wa moyo, lakini upande wa pili kulikuwa na madaktari na manesi masaa 24 wanaosoma vipimo na kubadilisha dawa, hapo siku za kulazwa zikapungua na vifo pia vikapungua. Mimi nililoliona hapo, kilichosaidia ni mtu wa kusoma namba na kuchukua hatua, yaani nesi, kifaa chochote kitafaa.

Kwa hiyo tukanunua mizani ya kuzunguka mtaani, kalenda za ukutani, na vocha ya nesi wetu. Mwenye kitochi anatuma namba tu kwa meseji, asiye na simu balozi wa mtaa anatuma kwa niaba yake. Mwanzoni namba zilikuwa zinaruka ruka, kumbe watu wanaweka mizani juu ya mkeka au sakafu ya udongo, tukagawa vipande vya mbao mambo yakatulia. Mama mmoja wa Kilwa kalenda yake ilisoma 61, 61, 62, halafu 63 na nusu, nesi akampigia hapo hapo, mama anasema mbona naendelea vizuri tu ila ndala haziniingii miguuni, kuuliza vizuri vidonge vya kupunguza maji vimeisha wiki iliyopita na duka la dawa la karibu havipo. Vikatumwa kwa basi la asubuhi na hakulazwa.

Kuna aliyetuletea zile oksimita za kidole, za kupima oksijeni kwenye damu, ahsante sana, ila zisiwape moyo kupita kiasi, utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwa wagonjwa weusi zinakosa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Ukihema kwa shida nenda hospitali hata kama kidude kinasema 95.

Mwakani nataka tuibane halmashauri kuhusu eko, ile ultrasound ya moyo. Rwanda kule Rwinkwavu, hospitali ya wilaya kijijini, manesi walifundishwa kupima eko ya msingi na kuanzisha dawa, sisi mtu wa Kilwa bado analipa nauli na kulala kwa ndugu Dar kwa kipimo cha nusu saa. Barua imeandikwa, inataka sahihi zenu, iko kwa katibu pale mlangoni.

Na mitaa iliyobaki na mizani za wenzao, rudisheni leo kabla ya chakula, zamu ya Mkuranga imeshafika.