Makala yenu ya Erykah Badu imesahau besi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana toka Jumapili nisome ile makala yenu ya Erykah Badu, mwimbaji wa Marekani, na albamu yake ya kwanza, Baduizm, sijatulia kabisa. Makala imejaa kilemba, ubani, mishumaa na mambo yake ya mapenzi, alafu muziki wenyewe mmeupa mstari mmoja tu eti ni "R&B ya taratibu ya kuskiliza usiku". Yaani albamu iliyotoka Februari 1997, mwaka uliofuata ikabeba tuzo mbili za Grammy, mnaimaliza hivo?

Mi napiga gitaa la besi, zaidi ya miaka 20 sasa kwenye mabendi ya hapa mjini, na ile albamu ndo ilinifundisha kunyamaza. Nasema kunyamaza kwasababu wapiga besi wengi tukiwa vijana tunataka tuskike, tunajaza noti kila mahali, sasa mule ndani besi inapiga kidogo inaacha nafasi, inapiga tena, na dada anaimba akiwa amechelewa kachembe nyuma ya ngoma, hakimbii, mpaka unahisi atapitwa na biti na hapitwi. Ndo maana wakati ule watu walimfananisha na Billie Holiday, yule mwimbaji wa jazz wa zamani, hawakuwa wanamsifia sura.

Najua kwetu ukitaja jazz mzee wangu anakumbuka Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na yuko sawa, bendi zetu nyingi zilijiita jazz na zilikuwa zinapiga dansi. Hapa naongelea ile jazz ya Marekani ya kina Miles Davis mpiga tarumbeta, na sio kwamba Erykah aliipaka juujuu ili albamu ionekane ya kisomi. Huyu ni mtoto wa Dallas, kasoma Booker T. Washington, sekondari ya sanaa palepale mjini, shule aliyotoka pia mpiga tarumbeta Roy Hargrove, kwahiyo alikulia sehemu ambayo jazz watoto wanaikuta darasani. Hata kinachofungua albamu na kinachoifunga ni kitu kimoja, Rimshot, yaani anaimba kuhusu ule mlio wa kijiti kikigonga ukingo wa ngoma. Mwimbaji mpya, albamu ya kwanza, watu hawamjui, na wimbo wa kwanza anamwimbia mpiga dramu! Mi hapo tu nilimpenda.

Sasa kilichonifanya niandike hasa ni hiki. Kanda yangu ya kwanza nilinunua Kariakoo, ilikuwa ya kudurufu, kava fotokopi nyeusinyeusi, hata majina ya nyimbo mengine yamekosewa. Kuna wimbo unaitwa Drama, besi yake ni ile kubwa ya mbao inayosimamishwa chini, nilikuwa naurudisha nyuma na kalamu ili nisimalize betri za redio, naufatisha kwa gitaa langu usiku na sipati ule mlio, na sijui nani anapiga. Nilikaa miaka bila kujua. Mpaka jamaa mmoja akaja na sidii orijino yenye kile kijitabu ndani, nasoma nakuta Ron Carter. Ron Carter, Mhariri! Yule aliyekuwa kwenye kundi la Miles Davis toka 1963 mpaka 1968. Mzee wa karibu miaka 60 kakaa studio na binti wa miaka 25 hivi anayetoa albamu yake ya kwanza, na kampigia kwa adabu, hajamfunika hata kidogo. Nilikaa chini kwakweli.

Na sio yeye peke yake, Otherside of the Game imepikwa na The Roots, kundi la hip hop la Philadelphia, na ule wimbo mwandishi wenu kauita wa mapenzi wakati ni mwanamke mjamzito anawaza itakuaje siku watakapomfuata mumewe kwa kazi zake za haramu. Ngoma pale imetulia kama mtu anayepiga akiogopa kuamsha mtoto. Hayo ndo ya kuandika.

Kwahiyo ombi langu ni dogo, mkiandika albamu yoyote, ya kwao au ya kwetu, wekeni majina ya waliopiga vyombo. Nani besi, nani dramu, nani kinanda. Kuna kijana sasahivi anaskiliza kwenye simu, pale kuna jina la mwimbaji na picha basi, ni kama kanda yangu ya Kariakoo tu, na gazeti ndo lingeweza kuwa kile kijitabu. Na mwandishi wenu naomba atafute hedifoni, aweke Drama, amwache dada aimbe na afate besi peke yake toka mwanzo mpaka mwisho, alafu ile makala aiandike tena, nitainunua.

Mpiga besi,
Temeke, Dar es Salaam