Tii moja haitenganishi majirani

Mhariri,

Dar es Salaam siku hizi kiwanja kimoja kinakatwa na nusu yake kuuzwa, kisha mnunuzi anavutiwa maji kutoka bomba la uwani kwa mwenzake: tii moja (kiungo cha bomba chenye midomo mitatu), poli (bomba la plastiki) ya nusu inchi, na ankara ya kugawana. Wa nyuma hapati presha, wa mbele anaona analipia maji ya watu.

Njia safi ni kila nyumba kuomba mita yake DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Bomba la kabla ya mita si lako wala la fundi wako, msiliguse. Anayesubiri kuunganishwa anaweza kutenganisha laini za nyumba mbili baada ya mita iliyopo, lakini kazi ifanyike palepale mita ilipo, si mwisho wa nyumba ya kwanza.

Kabla ya kukata chochote, fungeni koki zote muangalie kigurudumu kidogo cha mita. Kikizunguka, kuna mahali panavuja, zibeni kwanza.

Kutoka kwenye mita hadi kwenye tii pitisheni bomba la robo tatu ya inchi, yaani poli ya milimita 25. Kwa presha ileile hupitisha maji karibu mara mbili ya nusu inchi. Baada ya tii, kila upande uwe na koki, mita ndogo, halafu valvu ya kuzuia maji yasirudi, kwa mpangilio huohuo. Koki ikitangulia, mita inabadilishwa bila kumkatia jirani maji. Mita ilazwe sawa, uso wake juu, mshale uelekee maji yanakokwenda, na kabla yake pawe na kipande kilichonyooka cha sentimita 15 hivi. Nyingi zikilazwa ubavu husoma pungufu.

Valvu hiyo ndiyo mafundi wengi huiruka ili bei ishuke. Simtanki nyingi mitaani hupandisha na kushusha maji kwa bomba moja la chini. Siku ya mgao laini ikikauka, maji ya tangi la juu yanarudi, yanapita kwenye tii na kumwagikia kwa jirani aliyesahau koki wazi. Asubuhi tangi tupu, anatafutwa mwizi. Simtanki la lita 1,000 ni uniti nzima ya ankara, na mita ilishaihesabu.

Pampu nayo isinyonye kwenye laini. Inamnyang'anya jirani, na penye ufa inavuta matope, pengine na maji ya shimo la choo. Maji yajaze tangi yenyewe, pampu inyonye humo.

Wanaotumia PPR, mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa joto, wapashe mashine ya kuungia hadi nyuzi 260: bomba la milimita 20 sekunde 5, la 25 sekunde 7. Wa kukisia huunguza, plastiki ikajikunja ndani na kubana tundu, halafu lawama za presha anabeba DAWASA.

Kila mwezi jumlisheni mita ndogo mbili mlinganishe na mita kuu. Tofauti kidogo gawaneni kwa uwiano wa matumizi. Ikizidi kukua, chimbeni kati ya mita kuu na mita ndogo. Chemba ya mita ifikike na wote wawili. Kama iko ndani ya ukuta wa mmoja, toboeni kidirisha ukutani chenye kufuli, funguo mbili.

Mafundi bomba,
Tabata, Dar es Salaam