Kabla hujaenda kwenye gwaride

Swahiba wangu mpendwa,

Pole tena kwa yaliyokukuta dukani. Alhamdulillahi walichukua mauzo wakakuachia uhai. Unasema polisi wamekuita wiki ijayo kwenye gwaride la utambuzi, ukamtafute aliyekuvamia kati ya watu waliopangwa mstari, na kwamba sura ya yule mwenye panga hutaisahau mpaka unaingia kaburini. Najua hunidanganyi. Ndiyo maana nakuandikia leo leo.

Mwaka 1984, huko North Carolina, Marekani, mwanafunzi wa chuo, Jennifer Thompson, alibakwa usiku nyumbani kwake. Katikati ya unyama ule alijikaza kuikariri sura ya mtu yule, ili akipona amfikishe mbele ya sheria. Polisi walipomwonyesha picha, akamchagua Ronald Cotton. Baadaye Cotton akapangwa mstarini na wengine, akamchagua tena, na polisi wakamwambia kuwa ndiye yule yule wa kwenye picha. Shaka yote ikamwisha. Lakini kati ya wote waliosimama pale, ni Cotton peke yake ambaye picha yake alikuwa ameshaiona! Kesi iliposikilizwa upya mwaka 1987, mbakaji mwenyewe, Bobby Poole, aliletwa mahakamani akasimama mbele yake. Jennifer akasema hajapata kumwona. Cotton alisota gerezani zaidi ya miaka 10, mpaka kipimo cha DNA kilipomtoa mwaka 1995. Dada yule hakusema uongo hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.

Hapa kwetu Tanzania, Mahakama ya Rufani ililiona jambo hili zamani. Katika kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani, mwaka 1980, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Utaulizwa: ulimwona kwa muda gani? Alikuwa umbali gani? Mwanga ulitoka wapi, na ulikuwa mkali kiasi gani? Ulikuwa unamfahamu kabla? Dukani kwako pana balbu moja tu, tena iko nyuma ya rafu za sabuni. Na wewe mwenyewe umeniambia muda wote macho yako yalikuwa kwenye panga.

Tafadhali, zile picha zinazozungushwa kwenye grupu la mtaa usizifungue. Usikae na kijana wako wa dukani mkalinganisha mlichokiona, kila mmoja abaki na chake. Majirani wakikwambia "mwenyewe ameshakamatwa", usiliendee gwaride na neno hilo kichwani, maana huenda aliyekuvamia hayumo kabisa kwenye mstari. Ukiona kuna anayefanana naye, sema anafanana, uishie hapo. Usipomwona, sema humwoni, hata kama mpelelezi atanuna.

Nakuombea moyo mtulivu. Nitakuja Jumamosi, na nauli ya kwenda kituoni usiiwaze.

Akupendaye daima,
Swahiba wako