Mwanangu, naomba usiukate mti ulio mbele ya nyumba yako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimefurahi mno kwamba umepata nyumba katika mtaa tulivu wenye miti, na kwamba baada ya miaka mingi ya kulala kando ya barabara kuu sasa unaamshwa na sauti za ndege. Hata hivyo, umeandika sentensi moja, kama jambo dogo la kupita, ambayo imeninyima usingizi: kwamba unakusudia kuukata mti mkubwa ulio mbele ya nyumba, kwa sababu majani yake yanaziba mifereji ya paa na kwa sababu unataka nafasi ya kuegesha gari la pili.

Ninakuomba usiukate. Sitaki unitii kwa kuwa mimi ni mama yako tu. Nataka ukijue unachotaka kukiondoa.

Mti wa ukubwa huo haupoozi nyumba kwa kivuli pekee. Mizizi hunyonya maji ardhini, maji hupanda hadi kwenye majani na kutoka yakiwa mvuke, na kule kugeuka mvuke huchukua joto la hewa iliyo karibu, kama jasho linavyoupoza mwili wa mtu. Lami na saruji hufanya kinyume chake: hufyonza joto la jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, ndiyo maana katikati ya miji mikubwa hubaki na fukuto muda mrefu baada ya jua kutua. Umeniambia dirisha la chumba chako linatazama mti huo. Ukimwaga saruji mahali pake, utakuwa umelihamishia fukuto hilo chini ya dirisha lako.

Kuhusu utulivu nisikudanganye, maana wengi huamini kwamba miti ndiyo inayozuia kelele. Mti mmoja hupunguza sauti kidogo mno. Mtaa wako ni mtulivu hasa kwa sababu magari hayaufanyi njia ya mkato, na pia kwa sababu una udongo na nyasi, ambavyo hufyonza sauti badala ya kuirudisha kama ufanyavyo ukuta. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018 kwa Ulaya, lilishauri kelele za magari wakati wa usiku zisizidi wastani wa desibeli 45, na watu wengi wa mijini hawaipati neema hiyo. Wewe unayo. Lakini kila mwenye nyumba akiugeuza ua wake kuwa maegesho, udongo huo utatoweka, na mvua ambayo leo inazama ardhini itatiririka barabarani.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha habari za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Marekani. Nusu yao walilala katika vyumba vilivyotazama miti, na nusu vyumba vilivyotazama ukuta wa matofali. Wale wa upande wa miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Kundi hilo ni dogo, sikatai, lakini mimi nilimuuguza baba yako, na nakumbuka alivyoomba kitanda chake kigeuzwe kielekee dirishani.

Nasi tuliwahi kuukata mti, ulipokuwa hujaanza shule, kwa sababu kama hizo zako. Tulipanda mwingine mwaka huohuo. Leo wewe una kazi na nyumba, na kivuli cha mti ule bado hakijafika dirishani.

Mifereji ya paa inaweza kufunikwa kwa wavu na kusafishwa. Mwite mtaalamu wa miti aukague mti na kuyapogoa matawi makavu, lakini usimruhusu mtu yeyote aukate kilele chote, kwa maana machipukizi yanayoota baadaye hushika kwa udhaifu, na vidonda vikubwa huoza. Akikuambia kwamba shina limeoza ndani na linaweza kuangukia watu, hapo sitakupinga.

Jambo jingine linalonisumbua ni kwamba umekaa hapo miezi minne na hujataja jina la jirani hata mmoja. Mtaa wenye kimya waweza kumfanya mtu awe mpweke bila yeye kutambua. Weka benchi chini ya mti huo, karibu na lango, na ukae hapo jioni mara mojamoja; wapitao watakusalimu, nawe utawauliza majina yao.

Kabla hujaamua, simama chini yake saa nane mchana siku ya jua kali, kisha utoke ukasimame kwenye lami. Uniandikie ulichokisikia mwilini.

Akupendaye daima,
Mama